Sanduku la Mama Video: Herufi Moja Iliyozidi

Mbukwenyi wasomaji wangu. Toleo lililopita niliandika nusu ukurasa kuhusu Ousmane Sembène, yule mwongozaji wa filamu wa Senegal, nikidhani nitaletewa barua mbili tatu za kunishangaa. Zimekuja nyingi kuliko za mwaka ule nilipouliza nani mkali kati ya Jackie Chan na Van Damme. Basi safu yote leo ni yake.

Kwa asiyenijua: mimi ni mjane wa Chang'ombe, hapa Dodoma. Niliendesha kibanda umiza tangu 1995, deki moja, televisheni ya inchi 21 na mabenchi manane, mpaka simu za mkononi ziliponimalizia wateja. Sinema sijaisomea. Nilikaa nyuma na daftari langu la madeni, nikawa natazama migongo ya watu. Mgongo wa mtu aliyenogewa na picha unajulikana hata gizani.

*

*Mama Video, salaam. Uliandika kwamba Sembène ni mzaliwa wa Dakar. Nimefundisha historia miaka 31 na nakuhakikishia kwamba si kweli. Pia hukutueleza elimu yake, jambo ambalo kwa mtu kama huyo si dogo. Mwalimu mstaafu, mtaa wa Kikuyu.*

Mwalimu, nimeshika masikio. Alizaliwa Ziguinchor, kule Casamance, kusini mwa Senegal, mwaka 1923. Baba yake alikuwa mvuvi. Dakar alikwenda akiwa kijana.

Elimu yake sasa. Shule aliiacha mapema. Inasimuliwa kwamba mwalimu mkuu alimpiga, naye akarudisha, ukawa mwisho wa shule. Najua hapo umekunja uso. Dakar akafanya ufundi makanika, akafanya uashi. Vita Kuu ya Pili ikamkuta, Wafaransa wakamtia jeshini, akatumikia Niger. Vita ilipokwisha akarudi mitaani kama waliorudi babu zetu wa KAR, lile jeshi la mkoloni Mwingereza: kofia mkononi, na akili imeshaona mambo. Mwaka 1947 wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger wakagoma, na mgomo ule ukachukua miezi mitano. Baadaye aliuandikia riwaya iliyotoka 1960. Sisi tuliokulia kando ya Reli ya Kati, ambao saa ya nyumbani ilikuwa honi ya treni, tunaelewa maana ya reli kunyamaza miezi mitano.

Halafu akavuka kwenda Ufaransa. Alifanya kazi kiwanda cha magari cha Citroën, Paris, kisha akawa kuli bandarini Marseille. Hiyo ndiyo chuo chake, Mwalimu. Aliingia chama cha wafanyakazi, akaumia mgongo kwa mizigo, na kwenye maktaba ya chama akasoma kila alichokipata. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1956, kinamhusu kuli mweusi. Alikuwa na miaka 33.

Sasa hapa ndipo mimi ninapompendea. Mtu huyu ameshakuwa mwandishi, Wafaransa wanamsoma. Anarudi Afrika mwaka 1960, anazunguka, anagundua kwamba watu aliowaandika hawawezi kumsoma. Kuli hajui Kifaransa cha vitabuni. Mama muuza samaki hajui kusoma kabisa. Wengi wetu tungesema shauri yao, wakasome. Yeye akafunga mizigo akaenda Moscow, kwenye studio ya Gorky, akafundishwa na Mark Donskoy jinsi ya kushika kamera. Umri wake ulikuwa unakaribia 40. Alikuwa akisema kwamba kwa Afrika sinema ni shule ya jioni.

Mama yangu mzazi alisoma kisomo cha watu wazima miaka ya 70 chini ya mbuyu, Mvumi. Alihitimu akijua kuandika jina lake na jina la Nyerere, basi. Hakuna riwaya iliyowahi kumfikia. Lakini nimemwona kwa macho yangu akiitukana televisheni kwa sababu mama mkwe wa kwenye picha amemnyima mkaza mwana chakula. Huyo ndiye mwanafunzi wa shule ya jioni.

*

*Shikamoo Mama Video. Huyo mzee alikuwa na wake wangapi? Kijana wa Majengo.*

Marahaba. Alikuwa na kiko, hakikutoka mdomoni. Hayo mengine kaulize kwao.

*

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nimeandika skripti ya filamu fupi inayotokea kijijini kwetu Kongwa. Wenzangu wananiambia wahusika waongee Kiingereza ili ifike kwenye matamasha ya nje, au angalau Kiswahili. Mimi nasikia masikioni mwangu wanaongea Kigogo. Ninao mkopo wa kamera wa siku tisa tu. Nishauri.*

Marahaba mwanangu. Nikueleze yaliyomkuta mwenzako.

Filamu zake za mwanzo zilisema Kifaransa. Ile ya 1966, ya msichana wa kazi, nitaitaja tena chini: msichana yule wa Dakar anawaza Kifaransa kizuri kabisa, na sauti yenyewe si yake, ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Picha ni nzuri mno, lakini ukiitazama unasikia kitu kimekaa upande, kama kiatu cha kuazima.

Mwaka 1968 akafanya Mandabi. Sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa, na wenye fedha walitaka Kifaransa. Akaifanya mara mbili: moja ya Kifaransa, moja ya Kiwolofu. Waigizaji wale wale, mtaa ule ule. Fikiria gharama ya filamu siku hizo, mkanda wenyewe unalipiwa kwa mita, halafu mtu anasema "tena, kwa lugha ya nyumbani". Ile ya Kiwolofu ndiyo dunia inayoikumbuka. Baada ya hapo hakurudi nyuma. Emitaï ya 1971 inasema Kidiola cha kwao Casamance. Moolaadé, filamu yake ya mwisho, inasema Kibambara, na mwaka 2004 ilipata tuzo kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Cannes hiyo hiyo wanayokutisha nayo wenzako.

Sikufichi kwamba kuna bei. Mwaka 1977 alitoa Ceddo, inayohusu watu waliokataa kubadilishwa dini kwa nguvu, na biashara ya watumwa imo. Senegal ikaizuia. Sababu iliyotolewa rasmi? Jina. Serikali ilikuwa imeweka sheria ya tahajia ya Kiwolofu, na kwa sheria ile neno lile lilipaswa kuandikwa kwa d moja. Yeye akaandika kwa d mbili, akagoma kuifuta ya pili. Rais alikuwa Senghor, mshairi, bingwa wa Kifaransa. Miaka ikapita watu wa Dakar hawajaiona filamu ya mtu wao. Wapo wanaosema d ilikuwa kisingizio tu, kilichowauma ni dini. Mimi naamini vyote viwili, maana nimewahi kuteswa na herufi moja, na nitaeleza kwenye barua inayofuata.

Kwa hiyo, Kigogo. Weka maandishi ya Kiswahili chini, makubwa, yakae muda wa kutosha mtu wa darasa la nne ayamalize. Na kabla ya kuipeleka popote, ipeleke Kongwa, pale ulipopigia picha, ukae nyuma uangalie migongo. Kuhusu siku tisa: Sembène alikuwa na ndoto ya filamu ya Samori Touré, yule aliyepigana na Wafaransa. Aliibeba ndoto hiyo miaka mingi na hakuipata fedha yake mpaka anakufa. Wewe una siku tisa na kamera mkononi. Usianze na Samori wako. Anza na bibi mmoja na kuku wake.

*

*Mama Video, heshima yako. Mimi ni mtumishi wa umma, ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Uliandika kwamba Mandabi "ingefaa kuonyeshwa kila Jumatatu asubuhi kwenye kila ofisi ya Dodoma". Nimeona umetudhalilisha. Siku hizi mambo yote yako kwenye mfumo. Filamu ya mwaka 1968 inatuhusu nini?*

Mwanangu, umeandika kwa adabu, nami nitajibu kwa adabu, ingawa nitarefusha.

Mandabi ni hawala ya fedha ya posta. Mzee Ibrahima Dieng wa Dakar hana kazi. Ana wake wawili, watoto saba, na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Mpwa wake anafagia barabara Paris, anatuma hawala ya faranga 25,000: elfu mbili za mjomba, elfu tatu za mama yake mpwa, elfu ishirini mjomba amtunzie. Yaani kati ya zile zote, mzee zake ni elfu mbili. Lakini tarishi ameshaleta habari, wake wameshachukua mchele dukani kwa mkopo, na mtaa mzima umeshajua. Hapa kwetu ni kama simu inapolia ule mlio wa pesa kuingia mbele ya shemeji.

Mzee anakwenda posta. Kitambulisho? Hana. Anakwenda kutafuta kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa? Hana. Umezaliwa tarehe ngapi? Anajua mwaka tu, kwa makadirio. Picha? Mpiga picha anakula hela yake na picha haitoki, na akidai anapigwa mpaka pua inatoka damu. Stempu? Kila dirisha linamtuma dirisha jingine, na kila hatua anakopa nauli. Mwisho anatokea ndugu mmoja msomi, ana suti, ana gari, anamwambia mjomba, andika hati nikuchukulie mimi. Fedha haikurudi. Msomi anasema ameibiwa.

Kwenye kibanda changu kulikuwa na sheria moja ambayo watazamaji waliilinda kuliko katiba: stelingi hafi, na stelingi hashindwi. Nilipoionyesha Mandabi wateja wawili walitaka warudishiwe ada.

Sasa nikwambie kwa nini ile picha imenikaa rohoni. Mume wangu alifariki 2011. Jina la ukoo wetu lina ile sauti ya Kigogo ya puani, ambayo ukiiandika unaweka "nh". Kwenye cheti chake cha kazi karani aliandika kwa h. Kwenye cheti cha ndoa, padri mgeni aliandika bila h. Kwenye cheti cha kifo wakaandika kwa h, lakini wameihamisha mbele ya y. Nikaenda ofisi fulani, ofisi siitaji, kufuatilia mafao. Binti wa dirishani hakuwa mkali, hakuniomba chochote, hata sauti hakupandisha. Ila hakuinua kichwa. Akasema, "Mama, hawa ni watu watatu tofauti."

Nikaenda kwa wakili kuapa kwamba nimeolewa na mtu mmoja. Hati ya kiapo ikakataliwa kwa kuwa haina picha. Nikapiga picha. Picha ikakataliwa kwa kuwa pazia la nyuma ni jeupe, walitaka la bluu. Niliporudi na bluu, mfumo uko chini. Nje ya geti kulikuwa na kijana, kishoka, ana tai kabisa, akaniita shangazi. Shangazi, mimi nitakupenyezea. Nikampa elfu 40. Ilinichukua miezi kumi na moja, na kishoka sijamwona tena mpaka leo.

Nilikuwa nimeshaitazama Mandabi kabla ya hapo, 2008, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Niliitazama tena baada ya mafao kutoka. Nilicheka mpaka pale kwa mpiga picha, nikakuta sicheki tena.

Umesema mambo yako kwenye mfumo. Ni kweli, na nashukuru, mjukuu wangu alipata cheti chake bila kupanga foleni. Lakini mfumo nao una kidirisha cha kujaza jina, na pale ndani kuna mtu aliyelijaza. Kwenye filamu yote ile mzee Dieng hakutani na afisa mwovu hata mmoja mle maofisini. Anakutana na watu walio na haraka. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi naiacha palepale. Ila nakuomba radhi kwa neno "kila". Zipo ofisi waliponipa kiti.

*

*Mama Video, shikamoo. Natoka kijiji kimoja cha Mpwapwa. Binti yangu amemaliza la saba, kuna mama wa Dar es Salaam anamtaka kwa kazi za ndani, anasema atamlea kama wa kwake. Kaka yake amenikataza nisiamue mpaka nikuulize kuhusu filamu ya dada wa kazi.*

Marahaba mwanangu. Kijana wako ana akili.

Filamu ni ile ya 1966, La Noire de…, saa moja hivi, haina rangi. Msichana anaitwa Diouana. Familia ya Kifaransa ilimchukua pale Dakar alee watoto, kazi nyepesi, anafurahi. Wakamwita awafuate kwao, Antibes, kando ya bahari. Kufika, watoto hawapo. Anapika, anafua, anadeki, haoni hata hiyo bahari isipokuwa dirishani. Barua ya mama yake inapofika, tajiri ndiye anayemsomea, na tajiri huyo huyo ndiye anayekaa kumwandikia jibu, huku msichana mwenyewe kanyamaza. Nilipofika hapo nilisimamisha mkanda nikaenda kunywa maji. Mwisho wake ni kifo, na sitakusimulia kifo chenyewe. Nitakusimulia kinachofuata. Yule tajiri anarudi Dakar na mshahara wa msichana, anampa mama yake. Mama hazipokei. Na mtoto mmoja wa mtaani anavaa kinyago alichokuwa nacho Diouana, anamfuata yule Mzungu nyuma nyuma mpaka anakimbilia garini. Mwalimu anayeonekana katika picha ile ni Sembène mwenyewe.

Sasa binti yako. Amemaliza la saba, kwa hiyo ni mtoto. Tangu 2016 sekondari ya serikali mpaka kidato cha nne haina ada. Kama tatizo ni sare na daftari, niandikie tena, tutatafuta njia. Huyo mama wa Dar mwambie asante, arudi baada ya miaka minne. Na siku binti akikua akataka mwenyewe kwenda kwa watu kufanya kazi, simu iwe yake, mshahara uingie mikononi mwake, na wewe uwe umefika nyumba hiyo ukanywa chai jikoni. Nimesema jikoni. Sebuleni kila mtu ni mwema.

*

*Mbukwa Mama Video. Mimi ni mama wa watoto wanne, Bahi. Mama mkwe anasema mwanangu wa mwisho, wa miezi mitano, ana lawalawa, na kwamba yeye anajua pa kumpeleka. Baba wa mtoto yuko kimya. Dada yangu anasema uliwahi kuonyesha picha ya mwanamke aliyefunga kamba mlangoni. Ni hadithi au kweli? Na mimi kamba itanisaidia nini?*

Mbukwa mwanangu. Kwanza weka gazeti chini, mbebe mtoto uende zahanati leo. Kile wanachokiita lawalawa ni maambukizi, muwasho na vipele vya watoto, na kinatibika kwa dawa na usafi. Hakijawahi kutibiwa na kisu. Wanaokwambia wanajua pa kumpeleka, nawe unajua wanamaanisha wapi. Sheria ya 1998 inamfunga anayemkeketa mtoto miaka isiyopungua mitano, hadi kumi na mitano, na tangu hapo wamehamia kwa vichanga ili mtu asijue. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya simu ya watoto ni 116, hailipiwi.

Sasa picha. Moolaadé. Alipoitengeneza alikuwa na miaka 80, Burkina Faso, kijiji kiitwacho Djerrisso. Wasichana sita wanatoroka jando la kike. Wawili hawaonekani, baadaye inajulikana wamejitupa kisimani. Wanne wanakimbilia kwa mama mmoja, Collé, kwa sababu wamesikia kwamba alikataa binti yake mwenyewe asikeketwe. Collé hana bunduki wala mume wa kumtetea siku hiyo, mume amesafiri. Anachukua kamba ya rangi, anaifunga mlangoni, chini kabisa, kuku anairuka. Hiyo ndiyo moolaadé, hifadhi. Kwa mila ya pale, hakuna atakayevuka kumchukua mtoto mpaka aliyeifunga atamke neno la kuifungua. Wale mangariba wamesimama nje na kanga zao nyekundu, kamba inawafika kwenye miguu, hawavuki.

Ni hadithi. Lakini aliyemwigiza Collé, Fatoumata Coulibaly, ni mwandishi wa habari wa Mali ambaye amepiga kelele juu ya jambo hili miaka mingi. Hakuigiza asichokijua.

Niliionyesha 2009. Mpangaji wangu, mwanafunzi wa UDOM, ndiye aliyeileta, alikuwa anasoma maandishi ya Kiingereza ananinong'oneza, nami nasimama kando ya televisheni natafsiri kwa sauti, Kiswahili kidogo, Kigogo kingi. Nilitangaza kuwa ni picha ya Kiafrika yenye ugomvi wa wake wenza, maana ningesema ukweli wasingekuja. Wakaja kama arobaini, wanaume wengi. Wasichana walipofia kisimani, kimya. Naona migongo tu, kama magunia. Nikasema moyoni, nimepoteza.

Halafu wazee wa kile kijiji wakakaa baraza, wakasema kinachowaharibu wanawake ni redio. Wakazikusanya redio zote za wanawake, wakazirundika mbele ya msikiti, wakazichoma, nyingine bado zinaongea. Hapo kibanda kikalipuka. "Aaah! Redio ya mtu!" Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, akasimama, "Hawa wazee wajinga, watasikiliza wapi matokeo ya mpira?" Wengine wakadakia, na ghafla wanaume wote wa Chang'ombe wako upande wa akina mama wa Djerrisso. Kwa sababu ya redio. Nilikasirika siku ile, nikalala na hasira. Roho za watoto hazikuwagusa, redio imewagusa! Siku hizi nafikiri yule mzee wa Dakar alikuwa anatujua. Alijua kuna wanaume hawawezi kuanza na kilio cha mtoto, basi akawawekea mlango mwingine wa kuingilia.

Mwishoni Collé anapigwa mijeledi hadharani na mume wake, amesukumwa na kaka yake mkubwa, wanataka atamke neno. Hatamki. Naye yule mume, aliyekuwa kimya picha nzima, mwisho ndiye anayewaondokea wazee akasimama na mkewe. Kwa hiyo kimya cha baba wa mtoto usikihesabu kuwa jibu. Mwulize, usiku, mama yake akiwa amelala, na umwambie muuguzi amesema nini. Usimwulize "tufanyeje". Mwambie dawa imeandikwa, ni ya siku ngapi, na kwamba mtoto halali mbali nawe hata usiku mmoja.

Kamba ya Collé ilishika kwa sababu kijiji kizima kiliiona. Ya kwako nayo ionekane. Mwambie dada yako, mwambie muuguzi, mwambie mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya mama mkwe ukiweza. Jambo hili linapenda giza. Na uniandikie tena, hata mstari mmoja, nijue.

*

*Shikamoo Mama Video. Mimi nauza maji kwa mkokoteni wa punda, Chang'ombe mpaka Nkuhungu. Nasikia kuna picha ya huyo mzee inayohusu sisi wa mikokoteni. Ni kweli? Na inaonyeshwa wapi? Nyumbani sina televisheni.*

Marahaba kijana wangu. Kweli kabisa, Borom Sarret, ya 1963, ndiyo aliyoanza nayo alipotoka Moscow. Dakika 20 tu. Mtu ana farasi na mkokoteni, anatoka asubuhi mke amemwambia hakuna chakula. Anabeba watu, wengine hawamlipi. Anabeba mtu na maiti ya mtoto wake mchanga, makaburini wanakataliwa, karatasi hazijakamilika. Hela aliyopata anampa msifu mmoja anayeimba ukoo wake, maana amesikia jina la babu yake likatajwa vizuri, na wewe unatazama unataka kumkamata mkono. Halafu anakuja mtu wa tai anataka kuhamishiwa mtaa wa wakubwa. Mikokoteni hairuhusiwi kule. Anamdanganya kwamba anajuana na watu. Polisi anamkamata, medali yake ya vita inaanguka, buti inakanyaga. Mkokoteni unachukuliwa. Anarudi nyumbani na farasi mtupu.

Sitakwambia mke anafanya nini mwishoni.

Njoo Jumamosi, saa moja usiku, ile nyumba yenye mwarobaini nyuma ya mashine ya kusaga. Ada hakuna, mabenchi yamebaki mawili, kwa hiyo ukiwa na ndoo ya kukalia njoo nayo. Punda mfunge upande wa ukuta, si kwenye mwarobaini, anauguguna magome. Na uje na madumu manne ya maji, hayo nitalipa.